Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kenya: Mkataba wa Kazi Ujerumani Usiisahau Nyumba ya Familia

Kwa Mkuu wa Mawaziri na Waziri wa Masuala ya Kigeni na Diaspora. Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii. Kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na kwa Balozi wetu mjini Berlin.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, ambako nafanya kazi ya uuguzi tangu Machi 2022. Kwetu ni Likoni, Mombasa. Nina mume na watoto wawili, na kwa miezi ishirini mimi niliishi nchi moja nao wakaishi nyingine, si kwa sababu nilikosa kazi, wala kwa sababu mshahara haukutosha kuwalisha, bali kwa sababu sikuwa nimepata nyumba ya kupanga ambayo ingetutosha sote wanne. Naandika juu ya nyumba hiyo, na juu ya wenzangu wanaokuja nyuma yangu kwa njia mliyoifungua ninyi.

Tarehe 13 Septemba 2024 serikali yetu na serikali ya Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Wakati ule watu walibishana sana juu ya idadi. Ilitajwa hata idadi ya Wakenya 250,000, mpaka wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha na kueleza kwamba mkataba wenyewe hautaji idadi wala mgao wowote. Katika mabishano yale yote sikumsikia mtu akiuliza hao watakaosafiri, wawe kumi au elfu kumi, watapanga wapi, na watoto wao watawafuata lini. Siupingi mkataba. Nimeona wenzangu wakijenga, wakisomesha wadogo zao, wakipata heshima ya kazi waliyoisomea. Ninachosema ni kwamba mkataba unaompa mtu kazi bila kufikiria nyumba humtenga na familia yake kwa muda ambao hakuna aliyemwambia kabla hajapanda ndege.

Kwetu mtu akitafuta nyumba huuliza dukani, hupita akisoma vibao langoni, humtafuta keteka, yaani mtunza jengo, hufunguliwa mlango akaangalia kama maji yanatoka na choo kinafanya kazi, kisha hulipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine kwa simu, na jioni hiyo hiyo mkokoteni unaleta kitanda. Mwenye nyumba atakuuliza unafanya kazi wapi na mko wangapi. Yaliyobaki huyaona kwa kukutazama. Nililelewa katika utaratibu huo, nao ndio niliokuwa nao kichwani nilipokuja. Wakala aliyetuleta alitueleza kwa nusu siku nzima juu ya sare, zamu, bima na namna ya kumwamkia daktari. Juu ya nyumba ya familia alisema neno moja tu: "Mtapata."

Ujerumani zaidi ya nusu ya watu wanaishi katika nyumba za kupanga, na katika miji yenye kazi nyingi nyumba ni chache kuliko wanaozitaka. Kwa hiyo mpangaji ndiye anayeomba, na huomba kwa faili. Mwenye nyumba hutaka hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, mkataba wa kazi, nakala ya pasipoti na kibali cha kuishi, barua ya mwenye nyumba wa zamani inayothibitisha kwamba hudaiwi kodi, na ripoti ya madeni kutoka kampuni iitwayo Schufa, ambayo huweka kumbukumbu za namna mtu anavyolipa mikopo na bili zake. Mgeni aliyeshuka juzi hana chochote katika kumbukumbu hizo. Hana deni hata senti, lakini pia hana alama yoyote ya kuonyesha kwamba amewahi kulipa, na machoni pa mwenye nyumba mambo hayo mawili hayako mbali.

Nyumba ya kwanza niliyoalikwa kuiona ilikuwa ghorofa ya tatu, eneo la Bad Cannstatt. Nilifika robo saa kabla ya wakati, nikakuta watu wamejipanga kwenye ngazi kuanzia mlango wa chini. Nilihesabu thelathini na saba. Kila mmoja alikuwa na faili mkononi; la kijana aliyekuwa mbele yangu lilikuwa la samawati, karatasi zimetenganishwa kwa rangi, na juu kabisa kulikuwa na picha yake na mkewe na maelezo mafupi ya maisha yao. Mimi nilishika bahasha ya kaki. Tuliingizwa wanne wanne, dakika tano kila kundi. Bibi aliyekuwa akipokea karatasi alipitisha kidole kwenye fomu yangu, akafika kwenye mstari wa ripoti ya madeni ambao niliuacha wazi, akaniuliza kwa upole nimekaa Ujerumani muda gani. Nikamwambia miezi mitatu. Akanirudishia karatasi zangu bila kuzitia kwenye rundo lake, akanishukuru kwa kuja. Nilishuka ngazi zile nikiwapita waliokuwa bado wanangoja, na sikujua hata nilichokosea.

Kosa jingine nililifanya mwenyewe, na hakuna aliyekuwa karibu wa kunisahihisha. Matangazo ya nyumba huku huhesabu sebule kuwa chumba. Mtu akiandika nyumba ya vyumba viwili, ana maana ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Jiko na bafu havihesabiwi. Sisi tukisema nyumba ya vyumba viwili tuna maana ya vyumba viwili vya kulala, na sebule ipo bila kutajwa. Kwa wiki sita niliomba nyumba ambazo zisingetutosha hata kidogo, nikishangaa kwa nini wenye nyumba wananiuliza mara mbili kama kweli tuko wanne. Wiki sita, waheshimiwa, kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika moja darasani Nairobi.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini katika jambo lililotuumiza kuliko yote, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kama wauguzi wengi kutoka nyumbani, nilikuja vyeti vyangu vikiwa vimetambuliwa nusu, nikapewa kibali cha kukamilisha masomo na mazoezi yaliyopungua huku nikifanya kazi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani husema kwamba anayetaka kuleta mwenzi na watoto lazima awe na nyumba yenye nafasi ya kutosha. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyetimiza miaka sita, na mita 10 kwa mtoto aliye chini ya hapo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hahesabiwi. Binti yetu alikuwa na miaka minane na mdogo wake minne, kwa hiyo tulihitaji angalau mita 46. Hospitali ilinipa chumba katika bweni la wafanyakazi: kitanda kimoja, meza, jiko la kushirikiana na wenzangu watano, na sharti la maandishi kwamba chumba ni cha mtu mmoja. Basi nikaenda kutafuta nyumba ya watu wanne. Kila mwenye nyumba aliniuliza familia iko wapi. Nikajibu: Mombasa, wanangoja viza. Wao wakaniona ni mtu mmoja anayetaka nyumba kubwa kwa mshahara mmoja, na watu wengine watatu ambao huenda wakaja na huenda wasije. Afisa wa viza naye akasema lete kwanza mkataba wa nyumba. Mwenye nyumba anataka kuiona familia, na afisa anataka kuiona nyumba, nami nikabaki katikati miezi kumi na minne.

Hatimaye bwana mmoja mzee, ambaye marehemu mkewe aliwahi kulazwa katika wodi yetu, alikubali kunipangisha. Nikahamia peke yangu katika nyumba ya mita 68, nikailipia kodi kamili kwa miezi sita nikisubiri viza zikamilike, huku bado nikituma pesa Likoni za kodi ya nyumba ile nyingine na karo. Usiku nilikuwa napita katika chumba nilichowawekea watoto, magodoro mawili sakafuni bado yamefungwa nailoni, nikizima taa ambayo hakuna aliyeiwasha. Mwanangu wa kiume alipotua Novemba 2023 alinisalimia "Shikamoo" kama mtu anayemwamkia mgeni wa mama yake.

Najua kwamba mambo yamebadilika kidogo. Tangu Machi 2024 wataalamu ambao sifa zao zimetambuliwa kikamilifu hawalazimiki tena kuthibitisha ukubwa wa nyumba ili waje na mwenzi na watoto wadogo. Hilo ni jema, na ningependa kila Mkenya anayekuja alijue. Lakini halimgusi muuguzi ambaye bado anakamilisha utambuzi wa vyeti, wala kijana aliyekuja kwa mafunzo ya ufundi akamwacha mke nyumbani, na hao si wachache miongoni mwa wanaokuja. Hata aliyesamehewa sharti hilo hajasamehewa kuishi mahali. Atawapokea watoto uwanja wa ndege, kisha awapeleke bweni lipi?

Anwani ndiyo inayofungua kila kitu katika nchi hii. Mtu akihamia katika nyumba anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia hapo. Baada ya kujiandikisha, namba ya kodi ya mapato hutumwa kwa posta kwenye anwani hiyo, na kwa namba hiyo mwajiri hukata kodi inavyostahili, na mzazi huomba ruzuku ya watoto, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule ya msingi hapa Stuttgart hupangwa kwa mtaa unaoishi. Barua hizo zote humfikia tu yule ambaye jina lake limebandikwa kwenye sanduku la barua. Mwenzetu mmoja alipoteza wiki nyingi kwa kuwa kibandiko chenye jina lake kilidondoka kwa mvua, posta ikarudisha barua ya benki na ya ofisi ya kodi kwa pamoja, na yeye akadhani amekataliwa.

Kwa kuwa anwani ina thamani hivyo, wamejitokeza wanaoiuza. Wageni wenye shida huambiwa walipe euro mia kadhaa ili waandikwe katika nyumba ambayo hawatalala hata usiku mmoja. Sheria ya uandikishaji inakataza jambo hilo, na faini inaweza kufika euro 50,000. Wapo pia matapeli wanaotangaza nyumba nzuri kwa bei ndogo, wakisema wako nje ya nchi, na kwamba ukituma amana watakutumia ufunguo kwa posta. Ufunguo haufiki. Dada mmoja kutoka Kakamega, aliyekuja kwa mafunzo, alituma akiba yake yote ya miezi mitano kwa njia hiyo, na aliponionyesha picha za nyumba ile kwenye simu niliona kwamba dirishani kulikuwa na bahari. Stuttgart haina bahari. Hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, ana mtoto wa mwaka mmoja kwa mama yake, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Juu ya amana pia watu wetu wanaumizwa kwa kutojua. Sheria inaweka kikomo: amana isizidi mara tatu ya kodi isiyo na gharama za joto, maji na takataka, ile ambayo wenyeji huiita kodi baridi; na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza upangaji unapoanza. Vilevile tangu Juni 2015 ada ya dalali hulipwa na aliyemwagiza, na katika nyumba za kupanga huyo karibu kila mara ni mwenye nyumba. Lakini hata kwa haki zote hizo hesabu ni nzito. Tuseme kodi baridi ni euro 1,100 na gharama nyingine ni 300. Amana ni 3,300, ambayo kwa shilingi zetu ni karibu nusu milioni, na kodi ya mwezi wa kwanza ni 1,400 juu yake.

Kisha kuna jiko. Hili sikuliamini mpaka nilipoliona. Nyumba nyingi huku hupangishwa bila jiko kabisa. Mzee yule aliponikabidhi ufunguo, chumba cha kupikia kilikuwa na ukuta mtupu, bomba mbili zilizozibwa kwa vifuniko vya plastiki, na alama ya mstatili ukutani mahali ambapo makabati ya mpangaji aliyetangulia yalikuwa yametundikwa kabla hajayang'oa na kwenda nayo. Hakukuwa na sinki. Darini zilining'inia nyaya, maana taa nazo hubebwa. Kwa miezi miwili nilipika ugali kwenye jiko la umeme la sahani moja lililowekwa juu ya kiti, na vyombo nikavioshea katika beseni la bafuni. Sinki, jiko na makabati ya bei nafuu kabisa vilinigharimu mshahara wa mwezi mzima, na hilo halikuwa katika hesabu yoyote niliyopewa kabla ya kusafiri.

Lipo jambo jingine ambalo ni gumu kulisema, lakini nitalisema. Niliwahi kuandika kuomba kuona nyumba, nikakaa siku mbili bila jibu. Mwenzangu wa zamu, Mjerumani, akaliandikia tangazo lile lile kwa jina lake, akitaja mshahara uleule na familia ya watu wanne, akaitwa siku hiyo hiyo. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza kubagua kwa sababu ya rangi au asili ya mtu, na inagusa upangishaji wa nyumba pia. Anayetaka kudai haki yake lazima afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Mimi niliijua sheria hiyo baada ya miezi minne. Sitaki kuwaambia mnaokuja kwamba kila mlango utafungwa, kwa kuwa mzee wetu yule alitufungulia wa kwake, na jirani wa chini ndiye aliyenifundisha zamu ya kufagia ngazi inayofanywa kila wiki katika majengo ya huku, hadi leo nikikosea ananikumbusha kwa wema. Nataka tu wajue ni kipi kinachoruhusiwa na kipi kisichoruhusiwa kabla muda wa kudai haujapita.

Sasa nawaomba, waheshimiwa, kwa heshima na kwa uzito wote nilio nao.

Mikataba ya ajira ya nje hupita mikononi mwenu kabla mfanyakazi hajasafiri. Humo mnaangalia mshahara, saa za kazi, likizo na nauli. Naomba msiidhinishe mkataba wa kuja Ujerumani ambao haujasema wazi mfanyakazi atafikia katika nyumba gani, kwa kodi kiasi gani, kwa miezi mingapi, na kama anwani hiyo inakubaliwa kujiandikishia. Na kwa yule mwenye mwenzi na watoto, mkataba useme mwajiri atamsaidiaje kupata nyumba ya familia: kwa kumpa moja ya nyumba zake ikiwa anazo, kwa kumdhamini kwa mwenye nyumba, au angalau kwa kumwandikia barua ya kueleza kwamba ajira yake ni ya kudumu na kwamba familia iko njiani. Hospitali nyingi za huku zinatuhitaji kuliko tunavyodhani. Mwajiri anayelipia kozi ya lugha na tiketi ya ndege hatashindwa kuandika barua ya ukurasa mmoja, ila hakuna aliyemwomba. Barua ya namna hiyo, iliyoandikwa na msimamizi wangu wa wodi kwa hiari yake na kuwekwa juu ya faili langu, ndiyo iliyomfanya yule mzee aketi na kunisikiliza.

Mtakapoketi tena na wenzenu wa Ujerumani kupitia utekelezaji wa mkataba wa 2024, nyumba ya familia iwe mezani. Waulizeni kwa nini muuguzi anayefanya zamu za usiku katika hospitali zao, akilipa kodi ya mapato na bima kama wenzake, aoneshe mkataba wa nyumba ya mita 46 kabla hajawaona watoto wake, wakati mwenzake aliyekwisha kutambuliwa vyeti amesamehewa. Hilo ni la serikali kwa serikali. Mpangaji mmoja hawezi kulifikisha popote.

Mafunzo ya kabla ya safari nayo yapewe siku nzima ya makao, na ifundishwe na mtu aliyewahi kupanga huku, si na aliyesoma kijitabu. Watu waoneshwe tangazo halisi la nyumba na walisome kwa Kijerumani mpaka walielewe: kodi baridi, gharama za ziada na hesabu yake ya mwisho wa mwaka ambayo huweza kumletea mtu deni asilolitarajia, idadi ya vyumba, kuwepo au kutokuwepo kwa jiko, na notisi ya miezi mitatu ambayo mpangaji lazima aitoe akitaka kuhama, badala ya ule mwezi mmoja tuliouzoea. Waambiwe kwamba vipo vyama vya wapangaji katika kila mji mkubwa, ambavyo kwa ada ya mwaka humpa mwanachama ushauri wa wanasheria. Na wasafiri wakiwa na faili tayari. Mtu aliyelipa kodi vizuri miaka minane Buruburu au Nyali aondoke na barua ya mwenye nyumba wake, na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha malipo, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kijerumani na mtafsiri anayetambuliwa. Kama mngetengeneza fomu moja rasmi ya barua hiyo, yenye muhuri, mwenye nyumba wa Stuttgart angekuwa na kitu cha kushika mahali ambapo sasa anaona mstari mtupu.

Juu ya pesa naomba mfikirie mkopo wa amana. Si msaada wala zawadi. Amana ni pesa inayorudi mpangaji akihama na kuacha nyumba salama, na kwa hiyo ni mkopo wenye dhamana kuliko mingi ambayo vyama vyetu vya akiba na mikopo hutoa kwa ajili ya magari. Tayari mna mazungumzo na Wakenya walio ughaibuni juu ya kutuma pesa nyumbani na kuwekeza. Basi sehemu ya juhudi hizo ielekezwe kwa anayeanza, ili asiingie mikononi mwa wakopeshaji wa simu kabla hajapokea mshahara wa pili.

Na kwako, Mheshimiwa Balozi, ombi langu ni dogo na linaweza kuanza hata wiki ijayo. Ubalozi uwe na afisa mmoja ambaye Mkenya anayetafuta nyumba anaweza kumtumia tangazo na kuuliza: hili ni la kweli? Dada yule wa Kakamega angemtumia picha ile yenye bahari dirishani, na angejibiwa kwa sentensi moja. Ukurasa wa ubalozi uweke maonyo ya utapeli wa nyumba kwa Kiswahili na Kiingereza, na vikomo vya amana na ada ya dalali viandikwe hapo, ili mtu akidaiwa zaidi awe na cha kuonyesha.

Mwezi ujao wauguzi watatu kutoka nyumbani wanafika katika hospitali yetu. Wawili kati yao wameacha watoto kwa bibi zao, mmoja Voi na mmoja Kericho. Wameshaniandikia wakiniuliza familia itaweza kuja baada ya muda gani, nami nimewatumia orodha ya karatasi za kukusanya na picha ya faili langu, ambalo siku hizi ni la samawati. Juu ya muda sijawajibu. Ningeomba jibu lenu litangulie langu.

Wenu mtiifu,

Muuguzi na mama wa watoto wawili,
Stuttgart, Ujerumani